Maswali ya Wasomaji: Kimbunga Kikikutana na Bamvua

Barua tulizopokea mwezi huu kutoka kwa wakazi wa pwani zimeelekea karibu zote upande mmoja: bahari inapanda hadi wapi wakati wa kimbunga, na maji ya kawaida ya kujaa na kupwa yana sehemu gani katika hatari hiyo, hasa wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine? Nimechagua saba na kuzijibu kwa pamoja, kwa kuwa jibu la moja linaitegemea nyingine.

Mheshimiwa Mhariri, assalaam alaykum. Nilisikia redioni kwamba kimbunga kinaweza kuinua bahari kwa mita tatu. Hapa kwetu, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi kila siku, na tunaendelea na shughuli zetu. Hizo mita tatu za kimbunga zina tofauti gani na hizi zetu? Na je, zimeshahesabiwa pamoja? — Msomaji, Pangani

Wa alaykumu salaam, ndugu yetu wa Pangani. Hizo si zile zenu, na kwa kawaida hazijahesabiwa pamoja.

Maji ya kujaa na kupwa huletwa na mvuto wa mwezi na jua, nayo huja kwa ratiba. Katika pwani yetu hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana maji ya kesho hujaa yakiwa yamechelewa kwa takribani dakika 50 kuliko ya leo. Maji mengine, ambayo katika safu hii nitayaita maji ya tufani, huletwa na hali ya hewa. Sehemu ndogo yake hutokana na kushuka kwa mgandamizo wa hewa katikati ya kimbunga: kila mgandamizo unaposhuka kwa hektopaskali moja, bahari huinuka kwa takribani sentimita moja, kwa hiyo kimbunga ambacho mgandamizo wake umeshuka kwa hektopaskali 50 huinua bahari kwa nusu mita. Sehemu kubwa hutokana na upepo, ambao huyasukuma maji ya juu kuelekea nchi kavu na kuyarundika huko, hasa mahali ambapo bahari haina kina na maji ya chini hayana nafasi ya kurudi nyuma.

Anayekuambia kwamba bahari itainuka kwa mita tatu kwa sababu ya kimbunga, anakutajia kimo cha ziada, kinachohesabiwa kuanzia pale ambapo maji yangekuwa saa hiyo kama kimbunga kisingekuwepo. Sasa chukua ufuo wa kwenu wakati wa bamvua. Kimbunga kikifika maji yakiwa yamekupwa kabisa, mita tatu za ziada zitayaleta karibu na pale yanapofika kila yanapojaa, mahali mnapopajua. Kikifika maji yakiwa yamejaa, mita hizohizo zitaanzia kwenye ule mstari wa mwani mkavu ulioachwa ufuoni, zitaingia kwenye minazi, na zitapita kwenye milango ya nyumba. Kimbunga ni kilekile na upepo ni uleule, ila saa zimetofautiana kwa sita.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Beira, nchini Msumbiji. Mji huo wenye wakazi karibu nusu milioni umejengwa kwenye ardhi ya chini, mahali mto Pungwe unapoingia baharini, na mbele yake bahari ina kina kifupi kwa upana wa zaidi ya kilomita 100, katika eneo linaloitwa Benki ya Sofala. Kina hicho kifupi huyakuza maji ya mwezi, yaani haya ya kujaa na kupwa: wakati wa bamvua, tofauti kati ya kujaa na kupwa pale Beira hufikia mita 6 na kuzidi, tofauti kubwa kuliko zote katika pwani ya mashariki ya Afrika. Kina hichohicho huyakuza maji ya tufani pia. Jambo hili ningependa wasomaji walishike, kwa sababu lina maana kwa ghuba nyingi duniani: mahali penye maji makubwa ya kujaa na kupwa, mara nyingi ndipo upepo unapopata urahisi wa kurundika bahari.

Kimbunga Idai kilitua karibu na Beira usiku wa tarehe 14 Machi 2019. Siku hiyo mwezi ulikuwa katika robo ya kwanza, sawa na tarehe saba hivi ya mwezi wa Kiislamu, na kila mvuvi anajua kwamba siku hizo maji ni mafu: hayajai sana wala hayakupwi sana. Kilele cha kujaa wakati wa maji mafu pale Beira kiko chini ya kilele cha bamvua kwa zaidi ya mita moja. Idai iliua zaidi ya watu 600 nchini Msumbiji, iliharibu sehemu kubwa ya mji, na siku zilizofuata mito Pungwe na Buzi ilifurika hadi mabonde yakaonekana kwenye picha za satelaiti kama bahari ya pili. Kwa hiyo sisemi kwamba Beira ilikuwa na bahati. Neno hilo halina nafasi mbele ya misiba ile. Ninachosema ni kwamba wiki moja baadaye, tarehe 21 Machi, mwezi ulikuwa mpevu, na tena ulikuwa mwezi wa Machi, ambapo bamvua huwa kubwa kuliko kawaida kwa sababu jua liko juu ya ikweta. Kimbunga kilekile kingetua wiki hiyo, saa ya maji kujaa, kingeikuta bahari ikiwa imekwisha kupanda kwa zaidi ya mita moja kabla upepo haujaanza kazi yake.

Katika Ghuba ya Bengali, upande huo mwingine umewahi kutokea kweli. Kimbunga cha usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, kinachojulikana kwa jina la Bhola, kilifika kwenye visiwa na midomo ya mito ya nchi ambayo leo ni Bangladesh karibu na saa ya maji kujaa, siku moja kabla ya mwezi mpevu. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Kimbunga cha tarehe 29 Aprili 1991 kilitua karibu na Chittagong siku moja baada ya mwezi mpevu, kikaleta maji ya tufani yenye kimo cha takribani mita 6, na watu wapatao 138,000 wakafa. Kuna sababu nyingi za idadi hizo, zikiwemo umaskini, ukosefu wa mahali pa kukimbilia na tahadhari ambazo hazikuwafikia watu. Lakini mwezi na saa vilikuwa miongoni mwa sababu hizo, na hivyo viwili vilijulikana mapema kuliko kitu kingine chochote.

Ndugu Mhariri, nasoma sayansi ya bahari mwaka wa pili. Je, ni sahihi kwamba tunachukua kimo cha maji ya kujaa kwenye jedwali, tunajumlisha kimo cha maji ya tufani, na jibu ndilo kimo cha bahari? — Mwanafunzi, Mombasa

Kwa mtu anayetaka kujua kama ahame nyumba yake, kujumlisha kunatosha kwa hatua ya kwanza. Kwa mwanafunzi wa sayansi ya bahari hakutoshi, na nimefurahi kwamba umeuliza, kwa sababu hapa ndipo somo linapokuwa na utamu wake.

Maji ya mwezi na maji ya tufani ni maji mamoja katika ghuba moja. Kila moja hubadilisha kina ambacho mwenzake anapita, na kina ndicho kinachoamua karibu kila kitu katika maji mafupi. Anza na upepo. Mteremko ambao upepo unaweza kuujenga juu ya uso wa bahari huenda kinyume na kina: kina kikiongezeka mara mbili, mteremko hupungua kwa nusu. Chukua ghuba ambayo wastani wa kina chake maji yakikupwa ni mita 10, na tuseme upepo fulani unarundika maji mwishoni mwa ghuba hiyo kwa kimo cha mita 1.5. Maji ya mwezi yakijaa na kukifikisha kina kwenye mita 14, upepo uleule utarundika mita 1.1 hivi tu. Ziada ya tufani, kwa hiyo, huwa kubwa zaidi maji yakiwa machache, na hupungua maji yakiwa mengi. Jumla bado ni ya kutisha zaidi wakati wa kujaa, kwa kuwa mita nne zilizoongezwa na mwezi ni nyingi kuliko sentimita arobaini zilizopunguzwa kwenye kazi ya upepo, lakini jumla hiyo si ile ambayo ungeipata kwa kujumlisha kimo kikubwa cha kila upande.

Jambo la pili ni mwendo. Maji ya kujaa huingia kwenye ghuba kama wimbi refu sana, na kasi ya wimbi hilo hutegemea kina. Katika kina cha mita 5 huenda kwa takribani kilomita 25 kwa saa. Katika kina cha mita 8 huenda kwa takribani kilomita 32. Kama tufani imekwisha kuongeza mita tatu za maji kwenye ghuba yenye urefu wa kilomita 60, maji ya kujaa yatafika mwisho wa ghuba nusu saa kabla ya muda ulioandikwa kwenye jedwali. Nusu saa inaweza kuonekana si kitu. Lakini mahali kama Beira, katikati ya kujaa wakati wa bamvua, bahari hupanda kwa mita moja na nusu kwa saa. Ukitoa kimo cha jedwali kwenye kimo kilichopimwa, utaona ziada ya karibu robo tatu ya mita ambayo haikuletwa na upepo wala mgandamizo; imetokea kwa sababu maji yale ya kujaa yamewahi.

Ndiyo maana vipimo vya miaka mingi katika Bahari ya Kaskazini, hasa karibu na mdomo wa mto Thames, vinaonyesha jambo ambalo mwanzoni liliwashangaza wataalamu: kilele cha ziada ya tufani hukwepa saa ya maji kujaa, na mara nyingi hutokea saa tatu hadi tano kabla yake, wakati maji bado yanapanda. Mtu asiyejua sababu angeweza kudhani kwamba tufani za Ulaya zina mapatano na mwezi. Sehemu ya jibu ni huko kuwahi kwa maji. Sehemu nyingine ni msuguano wa sakafu ya bahari, ambao huongezeka haraka sana pale mikondo ya mwezi na mikondo ya tufani inapopita pamoja juu ya maji mafupi.

Kwa sababu hiyo, wapimaji wengi siku hizi hawategemei tu tofauti ya kila saa. Huchukua kilele kilichofikiwa na bahari katika mzunguko mmoja wa kujaa na kupwa, wakatoa kilele kilichotabiriwa katika mzunguko huo, hata kama vilele hivyo viwili havikutokea kwa dakika ileile. Tofauti ya kilele kwa kilele haidanganywi na maji yaliyowahi. Utakapoandika tasnifu yako, naomba uitumie.

Usisahau pia umbo la ghuba. Ghuba iliyo pana mdomoni na nyembamba ndani huyabana maji na kuyapandisha kadiri yanavyoingia. Na kila ghuba ina muda wake wa kuyumba, kama bembea: ukimsukuma mtoto kwa kufuata muda wa bembea, kila msukumo huongeza kimo, ukimsukuma ovyo, nguvu zako hupotea. Ghuba ambayo muda wake unakaribia saa 12 huitikia sana maji ya mwezi, na tufani inayopita kwa mwendo unaolingana na muda huo inaweza kuitikiwa vivyo hivyo.

Mpendwa Mhariri, nilikuwa hapa wakati wa kimbunga Sandy mwaka 2012. Nilisoma kwamba mahali palipopata maji mengi zaidi ya tufani si pale palipofurika vibaya zaidi. Inawezekanaje? — Msomaji, Jersey City, Marekani

Inawezekana, na mji wa New York umeacha mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua.

Sandy ilifika jioni ya tarehe 29 Oktoba 2012, siku ya mwezi mpevu. Kwenye kipimo cha Battery, kusini kabisa mwa kisiwa cha Manhattan, ziada ya tufani ilifikia takribani mita 2.9. Kwenye kipimo cha Kings Point, mwisho wa magharibi wa mkono wa bahari unaoitwa Long Island Sound, ziada ilikuwa kubwa zaidi, karibu mita 3.9. Vipimo hivyo viwili haviko mbali. Mtu anaweza kutoka kimoja hadi kingine kwa gari kabla ya mlo wa mchana. Lakini maji ya mwezi huwa na njia yake. Pale Battery huingia moja kwa moja kutoka baharini. Kufika Kings Point hulazimika kuuzunguka mkono wote mrefu kutoka mashariki, hivyo hujaa saa tatu na zaidi baada ya Battery. Na yakifika huwa yamekuzwa: tofauti ya kujaa na kupwa, ambayo upande wa mashariki wa mkono huo haifiki mita moja, upande wa magharibi hupita mita mbili.

Kwa hiyo usiku ule, kilele cha tufani pale Battery kilikutana na maji kujaa, karibu saa tatu na nusu usiku, na maji yakaingia kwenye njia za reli za chini ya ardhi. Pale Kings Point ziada kubwa kuliko zote ilikuja mapema jioni, maji ya mwezi yakiwa yamekupwa, na sehemu kubwa yake ikaishia kujaza nafasi iliyoachwa wazi na kupwa huko. Kama kimbunga kingechelewa au kuwahi kwa saa chache, wakazi wa pande hizo mbili wangebadilishana misiba.

Ningependa kuongeza kwamba si kila ghuba ya Marekani iko hivyo. Katika Ghuba ya Meksiko, tofauti ya kujaa na kupwa kwa sehemu kubwa haifiki mita moja, na kimbunga Katrina mwaka 2005 kilileta maji ya tufani yenye kimo cha mita 8.5 kwenye pwani ya Mississippi. Mbele ya kimo hicho, kuuliza saa ya maji kujaa hakubadilishi mengi.

Bwana Mhariri, mimi ni mvuvi. Wenzangu wanasema kimbunga kikitabiriwa kufika saa ya maji kupwa, hakuna haja ya kuondoka ufuoni. Wanasema pia waliona mahali bahari imekauka kimbunga kilipopita. Wana haki? — Msomaji, Mafia

Hawana haki, na nakuomba uwaambie leo.

Kwanza, utabiri wa saa ya kutua hukosea. Kimbunga kinaweza kupunguza mwendo kikiwa baharini, kikakaa, kisha kikaingia saa sita baadaye, na saa sita ndizo zinazotenganisha kupwa na kujaa. Ratiba ya mwezi ni ya uhakika, ya kimbunga siyo, kwa hiyo huwezi kuzilinganisha kana kwamba ni meli mbili za kampuni moja.

Pili, tufani nyingine hudumu kuliko mzunguko mmoja wa maji. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953, siku mbili baada ya mwezi mpevu, dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ilivunja kuta za kuzuia bahari huko Uholanzi wakati wa bamvua. Maji yalipokupwa asubuhi, hayakurudi yote, kwa sababu upepo bado uliyashikilia na kuta zilikuwa zimeshabomoka. Alasiri ya tarehe 1 Februari maji yalijaa tena, yakapitia palepale palipobomoka, na watu wengi waliokuwa wameokoka usiku wakifikiri kwamba hatari imepita, wakafa mchana. Jumla ya waliokufa Uholanzi ni 1,836. Mvuvi anayengoja maji yakupwe ili arudi kuangalia mitego yake na afikirie alasiri ile.

Kuhusu bahari kukauka, wenzako hawakuota. Katika nusu yetu ya kusini ya dunia, upepo wa kimbunga huzunguka kama akrabu za saa. Kimbunga kinapoingia kutoka mashariki, pwani iliyo kusini mwa kitovu chake hupigwa na upepo utokao baharini, na pwani iliyo kaskazini hupata upepo utokao bara, ambao huyasukuma maji nje. Tarehe 10 Septemba 2017 kimbunga Irma kiliyavuta maji ya ghuba ya Tampa, huko Florida, hadi watu wakatembea juu ya mchanga wa sakafu yake. Ikiwa upepo wa namna hiyo unakutana na maji kupwa wakati wa bamvua, bahari inaweza kwenda mbali kuliko mlivyowahi kuona. Mtu asishuke kuokota samaki. Kitovu kikipita, upepo hugeuka, na maji yaliyosukumwa nje hurudi yakiwa na haraka.

Ndugu Mhariri, sisi wa Visiwani tuko karibu na ikweta. Si kweli kwamba vimbunga havitufikii? — Msomaji, Unguja

Ni kweli kwamba hutufikia mara chache, kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo msokoto wa kutosha kujenga kimbunga. Mara chache haina maana ya kutofika kabisa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha merikebu za Sultani Barghash na kuing'oa mikarafuu ya kisiwa, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo nyumba ya karafuu. Mwezi Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia ikiwa imepungua nguvu, na vyombo vya usafiri kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vilisimamishwa. Nilitazama kalenda siku ile: ilikuwa tarehe 4, maji mafu yakiwa yameanza tu kupita, na mwezi mwandamo ulikuwa tarehe 8. Siku nne au tano zaidi, na kungekuwa na bamvua.

Mhariri, kama maji ya mwezi yanajulikana miaka mingi mbele, kwa nini wataalamu wasitangaze mapema tarehe za hatari? — Mwalimu wa shule ya sekondari, Tanga

Mwalimu, jambo hilo limewahi kujaribiwa. Mwishoni mwa mwaka 1868, Luteni Saxby wa jeshi la majini la Uingereza aliandika katika gazeti la London kwamba tarehe 5 Oktoba 1869 mwezi ungekuwa mwandamo na wakati huohuo ungekuwa karibu sana na dunia, na kwamba maji makubwa na dhoruba kali vingetarajiwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kimbunga kiliingia kwenye Ghuba ya Fundy, huko Kanada, ghuba yenye maji makubwa ya kujaa na kupwa kuliko zote duniani, ambako tofauti hufikia mita 16. Bahari ilipita juu ya kuta za udongo zilizolinda mashamba, mifugo ikazama, na dhoruba hiyo inaitwa kwa jina la Saxby hadi leo.

Hata hivyo, alipatia nusu tu. Maji makubwa aliyahesabu sawasawa, kama ambavyo leo mtu yeyote mwenye jedwali anaweza kuyahesabu. Kimbunga hakukihesabu; mwezi hauleti vimbunga, na hakutaja mahali kitakapofika. Tarehe za bamvua kubwa zinaweza kutangazwa miaka mbele, na naona zingepaswa kubandikwa kwenye kila soko la samaki kila Januari. Lakini tarehe hizo ni siku ambazo kimbunga kikija kitakuta mlango wazi. Kama kitakuja, hilo hujulikana siku chache tu kabla.

Mhariri wetu, nyumba yangu iko karibu na bahari. Mimi si mtaalamu. Nikisikia tahadhari, nifanye hesabu gani? — Msomaji, Kilwa Kivinje

Hesabu yako ianze leo, kabla ya tahadhari yoyote. Siku mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na hasa mwezi Machi, Aprili au Septemba, nenda ufuoni saa ya maji kujaa, siku isiyo na upepo. Pale maji yanapoishia, weka alama ya rangi kwenye ukuta au kwenye nguzo isiyotikisika. Kisha pima kwa ubao mnyoofu na chupa ya maji, au muombe fundi ujenzi mwenye pima maji, ni sentimita ngapi zinazotenganisha alama hiyo na kizingiti cha mlango wako. Kimo hicho ndicho akiba yako, na watu wengi wanaoishi kando ya bahari hawakijui. Kipime tena baada ya miaka kadhaa, kwa kuwa bahari ya dunia imepanda kwa takribani sentimita 20 tangu mwanzo wa karne iliyopita na bado inapanda.

Tahadhari ikitolewa, uliza mambo matatu: maji ya tufani yanatarajiwa kuwa na kimo gani, yatafika lini, na maji ya mwezi yatakuwa wapi saa hiyo. Angalia pia kama kimo kilichotajwa ni cha ziada au ni cha jumla, maana jedwali la bandari huhesabu kuanzia maji ya chini kabisa, na ukichanganya vipimo viwili vyenye sifuri tofauti utapata jibu lisilo na maana. Ikiwa akiba yako ni sentimita 90 na ziada inayotarajiwa ni mita 1.2 karibu na saa ya kujaa kwa bamvua, maji yataingia ndani hata kabla ya kuhesabu mawimbi yanayopanda juu yake. Ikiwa ni maji mafu, akiba yako imeongezeka kidogo, lakini ongeza mvua kwenye hesabu: mito na mifereji haiwezi kumwaga maji baharini wakati bahari iko juu yake. Beira wameweka mlango kwenye mdomo wa mto Chiveve unaofungwa bahari inapojaa na kufunguliwa inapokupwa ili mji umwage maji yake. Penye mifereji isiyo na mlango, maji ya bahari hupanda kupitia humohumo na kutokea nyuma ya nyumba, upande ambao hukuwa ukiutazama.

Hiyo alama ya rangi, iweke mahali ambapo majirani na watoto wataiona, na uandike pembeni yake tarehe na saa uliyoipima.